Mistari Miwili Kwenye Nati

…rangi ya kucha, mwenzangu, nakwambia rangi ya kucha! Nyekundu ile ile unayopaka wewe ukialikwa harusini. Si alama za vidole, si kamera, si shahidi aliyejificha kwenye maua. Kichupa cha rangi ya kucha ndicho kilichotufikisha pale tulipofika leo, kwa hiyo ukiona nimeruka kitu nirudishe.

Haya, kwanza nesi. Jana asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nesi wa wodi ya watoto alipita duka la baiskeli la Fundi kuchukua baiskeli yake iliyotoka kufanyiwa matengenezo. Dakika ishirini baadaye, baada ya kupita kwake juu kuchukua sare, alikuwa anateremka ule mteremko mkali wa hospitali. Gurudumu la mbele likachomoka. Likaenda zake peke yake mpaka chini kabisa, na nesi akabaki juu ya foki tupu, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu, ikichimba lami. Amelazwa wodi ya jirani na anayofanyia kazi. Hajafumbua macho.

Bosi wetu kituoni hakutaka hadithi ndefu. Alitaka jina la mshtakiwa mezani kwake leo kabla ya saa kumi jioni, na jina alikuwa nalo tayari: Fundi. Uzembe uliomjeruhi mtu. Duka lifungwe, mzee aende ndani, na kama nesi hataamka, kosa lipande cheo.

Mimi mafunzo yangu ya vitendo ya upolisi ndiyo kwanza yana miezi miwili, na kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa. Inspekta niliyepangiwa anaitwa Sindano, ila si mbele yake. Mwembamba, hapendi maneno mengi, na swali lake unalisikia likiwa limeshaingia.

Saa saba mchana tulikuwa chumba cha vielelezo. Baiskeli imelazwa juu ya karatasi. Sindano alipiga goti, akawasha tochi.

"Nati ya kulia?"

"Haipo, afande," nikasoma kwenye ripoti. "Waliitafuta mteremko mzima."

"Ya kushoto?"

"Ipo. Legevu."

Nati ya kushoto ilikuwa na kijistari chekundu juu yake. Kwenye chuma cha foki, pembeni ya nati, kulikuwa na kijistari kingine chekundu. Unaona kabisa kwamba zamani vilikuwa mstari mmoja, ukapigwa kutoka juu ya nati hadi kwenye foki. Nati ilipozunguka, mstari ukakatika.

"Imezunguka upande gani?" akaniuliza.

"Wa kufungua."

"Andika. Mstari mmoja. Umekatika kwa kufungua."

Niliandika, ila moyoni nikasema huyu mama naye, mstari ni mstari, wa nini kuuhesabu.

* * *

Duka la Fundi ukiingia unashusha sauti bila kuambiwa. Kila spana ina mahali pake ukutani, na nyuma yake pamechorwa umbo lake, ikikosekana unaona kivuli. Kuna kiti kimoja cha mbao katikati. Mteja anakaa hapo kabla hata hajaonyeshwa baiskeli, anapimwa mguu, mkono, kiuno, anaulizwa anapita njia gani, anabeba nini, mgongo unamuuma wapi. Yote yanaandikwa kwenye kadi. Droo za kadi zimejaa ukuta wa nyuma, miaka thelathini na mmoja ya miguu ya watu.

Fundi ana miaka sitini na minne, aproni ya ngozi, miwani kwenye paji la uso. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyetukanwa.

"Nieleze baiskeli inavyotoka hapa," Sindano alisema.

"Naimaliza jioni. Nakaza nati zote mimi mwenyewe. Nikishakaza, napiga mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imesogea, hata mtoto ataona. Halafu baiskeli inalala hapa usiku mmoja, uani, nione kama tairi zinashika upepo. Asubuhi mwenyewe anaichukua."

"Siku hiyo hiyo haitoki?"

"Aje rais, italala."

"Na nani mwingine anakaza?"

"Hakuna."

"Binti yako?"

Binti alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, shavu moja limevimba kama ameficha ndimu. Fundi hakumgeukia.

"Binti yangu anapima watu, anajaza kadi, anakabidhi baiskeli asubuhi, anagombana na wanaotaka haraka. Spana ya mwisho ni yangu."

"Basi kama nati ilikuwa legevu, ni wewe."

"Kama ilikuwa legevu, ni mimi." Akashusha miwani, akamtazama vizuri. "Haikuwa legevu, mama. Kuna mtu kaifungua."

Hapo ndipo binti aliposema, na kwa lile shavu maneno yalitoka yakichechemea. "Afande, muulizeni Bei Chee. Juzi jioni alikuwa anazungukazunguka uani kwetu. Nilimuona dirishani."

"Bei Chee ni nani?"

"Huyo wa ng'ambo," Fundi alisema, akielekeza kidevu barabarani. "Anauza baiskeli kama anauza karanga."

Sindano alitoka uani. Ukuta unanifika kifuani, mtu yeyote anauruka. Baiskeli ya nesi ililala pale usiku wa kuamkia jana. Mshindani, ukuta mfupi, kiza cha jioni. Mimi, mwenzangu, nilikuwa nimeshamfunga Bei Chee kichwani na kumnyima dhamana.

* * *

Bei Chee alitupokea kwa mikono miwili, mnene, shati la maua, redio inapiga kelele. Dukani kwake baiskeli zimening'inia kwenye dari zikiwa bado na nailoni.

"Karibuni wakubwa. Mkichukua mbili nawapa kengele bure."

"Juzi jioni ulikuwa uani kwa Fundi," Sindano alisema.

Akazima redio. "Mimi?"

"Wewe."

"Nilipotea."

"Ulipotea kuvuka barabara?"

"Afande, usiniangalie hivyo, nina presha." Akafuta jasho. "Yule mzee ananiua kibiashara, sikatai. Mteja akishakalishwa kwenye kile kiti chake na kuulizwa mgongo unauma wapi, kwangu harudi tena. Lakini nimdhuru? Nimdhuru nesi? Nesi yule kanichomea wanangu wote sindano."

"Uani ulikwenda kufanya nini?"

"Kuchukua."

"Kuchukua nini?"

Alichungulia barabarani kulia na kushoto, akatuongoza stoo. Nyuma ya maboksi kulikuwa na turubai. Akaifunua kama anafunua maiti. Chini yake, baiskeli nyeusi, ya zamani, imeng'arishwa mpaka unajiona.

"Yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Fundi ndiye anaitengeneza. Ilikuwa tayari tangu asubuhi ile, ikiwa imeshalala usiku wake, lakini nilingoja jioni watu wapungue. Nikionekana naitoa kule nimekwisha."

Nilikohoa ili nisicheke. Sindano hakukohoa. "Unauza mia, unapanda iliyotengenezwa na jirani."

"Mwenye mgahawa naye hula kwa mama yake, afande."

Nilifikiri tumemaliza. Kama hadithi yake ni kweli, na Fundi angeweza kuithibitisha kwa kadi, basi tumebaki mikono mitupu na saa zinakwenda. Lakini Sindano alikuwa ameshapiga goti sakafuni na tochi yake, usoni kabisa kwa nati ya gurudumu la mbele. Akakaa hivyo mpaka Bei Chee akaanza kuapa upya bila kuulizwa.

"Njoo uone," aliniita. "Mistari mingapi?"

Nikainama. Kulikuwa na mstari mmoja mzuri, mnyoofu, kutoka kwenye nati hadi kwenye foki, mzima. Lakini pembeni yake kulikuwa na mwingine umefifia, mwekundu uleule, umepindapinda. Na huo wa pili ulikuwa umekatika. Nusu yake iko kwenye foki, nusu yake kwenye nati imekwenda mbele.

"Miwili," nikasema. "Mmoja umekatika. Lakini afande, huu umekatika kwa upande wa kukaza."

"Endelea."

"Mtu alikaza, akapiga mstari. Halafu… halafu akaja mtu akakaza tena zaidi, akapiga mstari mpya."

"Na nati iliyokazwa sawasawa inaweza kukazwa tena robo mzunguko?"

Nikaandika: haiwezi. Maana yake Fundi hakuwa ameikaza sawasawa. Wewe, nilikuwa nimeanza kumpenda yule mzee.

"Bei Chee," alisema Sindano akisimama. "Umewahi kuifungua hii?"

"Mimi spana naijua kwa sura tu."

* * *

Tulirudi ng'ambo. Uani kulikuwa na baiskeli tatu zilizolala usiku wa jana, zinangoja wenyewe. Sindano alizipitia moja moja bila kusema. Mistari miwili. Mistari miwili. Mistari miwili. Kila nati, mmoja umepinda na kukatika, mwingine umenyooka. Binti alikuwa amesimama mlangoni akituangalia, na kadiri tulivyokwenda kutoka moja hadi nyingine ndivyo mkono wake ulivyopanda kwenye lile shavu.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

"Mzee," Sindano aliita. "Ukikaza nati unapiga mistari mingapi?"

"Mmoja. Nimekwambia."

"Nifungie gurudumu hili nione." Alikuwa ameshika gurudumu na foki tupu vilivyokuwa benchini.

"Afande, Baba ana kazi nyingi," binti alisema haraka.

"Dakika mbili."

"Baba, acha. Hawana haki ya kukujaribu kama mwanafunzi."

"Mbona unanitetea, mwanangu? Nimeiba?" Akachukua spana kutoka kwenye kivuli chake ukutani.

Aliliweka gurudumu, akaliweka sawa kwa jicho, akalizungusha, akasikiliza. Akakaza nati ya kwanza. Shingo ilimtoka mishipa. Akakaza ya pili. Halafu kichupa cha rangi, kiburashi, mstari. Ulipinda kidogo. Akarudi nyuma.

"Hiyo," alisema, "hata tembo haifungui."

Sindano alimnyooshea mkono kuomba spana. Mkono wake mwenyewe ni mwembamba kama kijiti. Akaweka spana kwenye nati, akavuta mara moja, bila hata kuinua bega, kwa upande wa kukaza.

Nati ikazunguka. Robo. Ikaendelea kidogo.

Nje kuna mtu alikuwa anajaza upepo, fyu, fyu, fyu, halafu akaacha.

Fundi alichukua spana, akakaza ya pili tena, kwa nguvu zote, mpaka akagumia. Akampa Sindano. Sindano alitaka kukataa, niliona. Lakini akavuta. Nayo ikazunguka.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza. Hakumuuliza Sindano.

Binti alikuwa analia bila sauti. "Tangu mwaka jana, Baba. Mkono wako wa kulia. Vile vidole viwili unavyosema vina ganzi asubuhi."

"Kwa hiyo wewe…"

"Nafika alfajiri. Wewe unafikiri nafagia. Nazikaza zote upya, napiga mstari, nazikabidhi mwenyewe kabla hujazikaribia."

"Mwaka mzima."

"Mwaka na miezi miwili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefunga duka."

"Ningefunga, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Sindano akaniangalia, nikaandika.

"Jana," alisema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia. "Baiskeli ya nesi ina mstari mmoja tu."

"Juzi usiku niling'olewa jino," binti alisema. "Wakanipa vidonge. Nilisema nalala kidogo. Nimeamka jua limeshatoka, nakimbia dukani, nakuta Baba ameshafungua." Akafunika uso. "Nikaambiwa nesi ameshachukua, alikuwa anawahi zamu. Nikasema Mungu wangu, ipite leo tu. Haikupita hata nusu saa, simu ikaja. Nimewaambia ya Bei Chee ili mtoke hapa, afande. Niandike mimi. Mimi ndiye niliyejua."

"Na mimi ndiye niliyekaza," Fundi alisema.

"Baba, nyamaza."

"Wewe ndiye unyamaze." Lakini macho yake yalikuwa yameacha kumtazama. Yalikuwa yanatazama uani, pale baiskeli zinapolala. Midomo inahesabu. "Jana nilikabidhi mbili," alisema.

Binti akainua uso. "Nini?"

"Ulikuwa hujafika. Nesi, halafu Mwalimu. Nilimkabidhi mimi mwenyewe. Nikamwambia apande kwa amani."

"Hukuniambia, Baba."

"Ningekuambia ya nini? Kadi niliirudisha drooni."

Mwalimu wa hesabu wa shule ya juu, ile iliyo kileleni. Kila siku anapanda na baiskeli asubuhi na kuteremka nayo jioni, kwa mteremko uleule wa hospitali. Jana jioni ulimpitisha salama, lakini nati iliyoanza kulegea huzidi kulegea kila safari. Binti aliichomoa kadi kabla sijaelewa kinachoendelea, namba ipo, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Akiwa juu ya baiskeli hapokei," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha asipokee."

"Shule inatoka saa ngapi?" Sindano aliuliza.

"Tisa na nusu."

Ilikuwa tisa na dakika thelathini na nne. Simu ya Sindano nayo ikaanza kuita, jina la Bosi limejaa kioo. Kituo kiko kushoto, dakika kumi na tano, na faili lilipaswa kuwa mezani saa kumi. Shule iko kulia. Sindano aliigeuza simu uso chini mfukoni.

"Wote garini."

* * *

Siwezi kukueleza ile njia vizuri kwa sababu nilifumba macho mara mbili. Sindano anaendesha kama anavyouliza. Fundi alikaa mbele, magoti yamebana, akitazama gurudumu la kila mpanda baiskeli tuliyempita, si uso wake. Binti nyuma pamoja nami, spana mapajani, simu sikioni, inaita, inakata, inaita.

Kwenye mteremko tulipanda tukitazama upande wa pili. Hakuna mtu ameanguka. Hakuna gurudumu linalokuja peke yake. Tukafika tambarare ya juu, na pale mbele, mita mia mbili, mtu mrefu anakuja juu ya baiskeli, begi mgongoni, suruali amebana kwa pini, ananyonga pedali bila haraka kama mtu anayepiga hesabu kichwani.

"Ni yeye," Fundi alisema. "Asifike ukingoni. Akianza kushika breki, gurudumu halitakaa."

Sindano hakupiga honi. Alilivuta gari likakaa mshazari, limeziba njia nzima. Mwalimu akapunguza, akashusha mguu, akasimama hatua tatu kutoka kwetu, mwanzo kabisa wa mteremko.

"Hii ni nini sasa?" Amekasirika, kwa ile sauti ya kumtoa mtu darasani. "Fundi? Umenifuata mpaka huku? Kadi yangu mmejaza vibaya?"

"Shuka, Mwalimu," Fundi alisema. "Tafadhali, shuka."

Binti alikuwa ameshapiga magoti kwenye lami. Mstari mmoja, nikauona hata mimi niliyesimama. Umekatika kwa upande wa kufungua. Akaweka spana chini. Akaishika nati ya kulia kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, akaizungusha. Ikaja. Akaizungusha tena, ikatoka kabisa, akamwekea Mwalimu kiganjani.

Mwalimu aliitazama ile nati. Akatazama mteremko. Halafu akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, begi likiwa bado mgongoni, na hakutukemea tena.

"Nina mapacha wa miezi minne," alisema baadaye kidogo, kama anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Binti aliirudisha nati, akakaza, akakaza ya upande wa pili, akajaribu breki, akainua gurudumu na kuligonga chini mara tatu. Fundi alisimama pembeni, mikono nyuma, hakusogea, hakusahihisha. Binti alipomaliza alimtazama baba yake. Yeye akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akageuka.

Akaja kwenye gari. Hakwenda mbele alikokuwa amekaa. Alifungua mlango wa nyuma, ule wa watuhumiwa usiofunguka kwa ndani, akaingia, akafunga mkanda, akaufunga mlango.

"Mzee," Sindano alisema dirishani. "Sijakukamata."

"Najua, mama. Yule nesi hajaamka. Twende."

Binti akalizunguka gari mbio, akafungua mlango wa pili. "Yeye hakujua. Mimi nilijua. Afande, nakuomba, aliyejua na asiyejua wanaandikwaje sawa?" Akaingia naye, akakaa kando ya baba yake, na mzee akamsukuma kwa bega ashuke, na binti hakushuka.

Simu ikaita tena. Saa kumi na dakika mbili. Sindano akaitoa mfukoni, akaiangalia muda mrefu, akaiweka kwenye sauti ya nje ili nisikie na kuandika.

"Nimengoja vya kutosha," Bosi alisema. "Nataka jina. Moja."

Nilikuwa na kalamu juu ya karatasi. Nyuma yangu wale wawili waliinamia mbele kusikia. Sindano akavuta pumzi, akalitaja, na mwenzangu, niliandika, nikalifuta, nikamwomba alirudie kwa sababu nilidhani sikusikia vizuri. Mama yangu ananiita ndani nikale, mara ya nne sasa, na jambo hili si la kumaliziwa hapa mlangoni nikiwa nimeshika kiatu nilichovua. Kesho ukija, njoo mapema, na usiniulize jina kabla hujakaa.